Siku 90 ku Ostrava: namna tuliagana na ndugu wa mbali

Viza ya kutembelea jamaa ku Ulaya inapatiana siku 90, haipite pale. Mutu wa Likasi ao wa Kolwezi akisikia ile hesabu anacheka: miezi mitatu muzima, mutarudi wanene! Kweli siku za kwanza ni nyingi, mutu anazikunywa kama maji. Mais zile 15 za mwisho ndizo zina kazi. Ni pale mambo yote ambayo watu walificha chini ya meza yanapanda juu, kwa sababu kila mutu anahesabu na anajua kama wakati umeisha.

Sie tuliyaona ku Ostrava, mu Ucheki, tangu 9 Septemba hadi 6 Desemba 2024. Tunaandika kwa sababu mu familia nyingi za wachimbaji kuna baba mudogo, kaka ao dada aliyebaki inje tangu zamani, na siku moja mutapanda ndeke kwenda kumuona. Wengine mutaenda na muzee mukononi, kama vile sie. Tulikuwa watatu: mama yetu, na sie bwana na bibi.

Yule tulienda kutembelea ni mudogo wa marehemu baba. Wazazi wao walikufa akiwa mutoto wa miaka nane, akaletwa mu nyumba yetu ya kambi. Mama alikuwa bibi kijana, hajazaa bado. Alimulea kwa posho ya baba: unga, maharagi, samaki, kila mwisho wa mwezi. Ni yeye alimuvalisha viatu vya kwanza vya shule. Kwa hiyo baba mudogo anamwita "yaya" mu mudomo, lakini mu roho ni mama yake. Mwaka 1979 akapata burusi, akaenda Ulaya kwa miaka sita. Ile sita ikakuwa 45.

Alisomea Vysoká škola báňská, chuo kikuu cha mambo ya mines, ambacho kilihamishwa toka muji wa Příbram kikapelekwa Ostrava mwaka 1945. Kisha akaoa binti wa muchimbaji wa Karviná, akaingia mu shimo kama enjenieri. Ni shimo la makaa ya mawe, si shaba. (Usichanganye na makala yetu ya kupikia, yale ni miti, haya ni jiwe leusi linalochimbwa chini sana.) Watoto wawili walizaliwa, wakubwa sasa, wana watoto wao. Hakuna mumoja anajua Kiswahili, isipokuwa "jambo" na "bukari".

Tuseme kidogo juu ya ile inchi, maana ni inchi ya watu kama sie. Ostrava ilijengwa juu ya makaa ya mawe na chuma. Ku kilima cha Landek, pembeni ya muji, walipata alama kama watu wa zamani sana walikuwa tayari wanachoma makaa ya mawe, miaka zaidi ya 20.000 iliyopita. Leo pale pale kuna museum ya wachimbaji, na wanaokuongoza ndani ni wazee walioshuka mu shimo wenyewe. Makaa ya mwisho ya Ostrava yalitoka tarehe 30 Juni 1994. Upande wa Karviná waliendelea, lakini mashimo mawili yalifungwa Februari 2021, na wakati wa safari yetu ilibaki moja tu, ČSM, mu kijiji cha Stonava. Kila mutu kule alikuwa anaisema kama mutu anasema juu ya mugonjwa ambaye munganga amekwisha kuongea na familia yake.

Ku ile shimo, tarehe 20 Desemba 2018, gazi ya metane ililipuka. Watu 13 wakafa: 12 Wapoland na Mucheki mumoja. Shemeji yetu, kaka ya bibi ya baba mudogo, alitupeleka pale. Tuliwasha mushumaa. Yeye akauliza: na kwenu? Tukamwambia Juni 2019, ku Kolwezi, udongo ulianguka juu ya kreseri, wakafa zaidi ya 40. Akauliza majina yao yameandikwa wapi. Hatukukuwa na jibu la kumupa.

Jambo moja lilitushika sana, na wenzetu wa sendika walisome vizuri. Kule vumbi inahesabiwa. Si kusema tu "kuna vumbi mingi." Kila muchimbaji wa chini ana hesabu yake: shift ngapi ameshuka, na vumbi kiasi gani imekwisha kuingia mu kifua chake, kufuata vipimo vya pahali anapofanya kazi. Kuna kipimo cha mwisho mu sheria. Akifika pale, hana ruhusa tena ya kushuka, hata kama anajisikia muzima, hata kama patron anamupenda. Na wale waliofanya shift 3.300 chini ya udongo wanaweza kupata pansio mbele ya umri wa watu wengine; kama walifikia kipimo cha vumbi, 2.200 inatosha. Hii haikuanguka toka mbinguni, ni sendika zao zilivutana na serikali.

Baba mudogo ana ile karatasi. Mapafu yake yameharibika, akipanda ngazi anasimama mara mbili. Lakini daktari aliandika wazi: ni ugonjwa wa kazi. Kwa ile neno moja, kila mwezi kuna feza inaingia juu ya pansio yake. Baba yetu alikohoa miaka kumi na moja. Hospitali ilisema kifua kikuu, ikamupa dawa ya kifua kikuu, kisha ikasema kifua kikuu tena. Alikufa bila karatasi. Mama alipomuona baba mudogo anaonyesha ile sirtifika, na muhuri wake mwekundu, aliishika mu mukono muda murefu ingawa haijui kusoma. Aliuliza tu: "Wandugu wawili, kikohozi kimoja, na hawa wakampa mumoja jina?"

Mu Oktoba mutoto wa baba mudogo alituendesha hadi Jáchymov, upande mwingine wa inchi, karibu na Ujermani. Tulitaka kuiona kwa sababu ya Shinkolobwe. Wasomaji wa Likasi wanaijua Shinkolobwe. Wachache wanajua kama mbele yake Jáchymov ndiyo ilikuwa inapatia dunia radium. Mawe ambayo Marie Curie na bwana yake walipikia mu Paris mwaka 1898 yalitoka pale. Kisha udongo wetu, uliogunduliwa mwaka 1915, ulikuwa tajiri kupita wao, na tangu 1922 kiwanda cha Olen mu Ubelgiji kikaanza kutoa radium ya Katanga. Bei ikaanguka, Jáchymov ikalia. Watu wawili wasiojuana, mumoja anachimba ku Katanga na mwingine ku Jáchymov, na mashindano yao yanaendeshwa ku ofisi za mbali. Wachimbaji wa Jáchymov walikuwa wanakufa na mapafu tangu zamani, na mu miaka ya 1930 serikali yao ikakubali kama ile kansa ni ugonjwa wa kazi. Kisha vita ya pili ikapita, na serikali mupya ikajaza kambi kule na wafungwa wa siasa, wakachimba uranium kwa nguvu. Leo watu wanakwenda pale kuoga maji ya shimo wapone mifupa. Mama alikatala kuweka hata kidole.

Tunarudia nyumba ya baba mudogo, kwa sababu ni pale jambo kubwa lilitokea.

Tarehe 2 Novemba Wacheki wanakwenda makaburini. Wanaita Dušičky. Ni siku nzuri kabisa: giza inaingia mbele ya saa kumi na moja, baridi, na mishumaa maelfu, nyekundu na nyeupe, kilima muzima kinawaka. Familia zinasafisha mawe, zinaweka maua, watoto wanakimbia katikati. Mama alifurahi. Alisema hawa watu wanaheshimu wafu wao, tulikuwa tumewaza vibaya. Tukafika ku jiwe la familia ya bibi ya baba mudogo. Liliandikwa majina ya baba yake na mama yake, na chini, kwa herufi za zahabu mupya, jina la baba mudogo, mwaka aliozaliwa, kamustari kadogo, kisha hakuna kitu.

Kule ni desturi, mutu anajitayarishia. Lakini mama aliangalia jiwe, akaangalia udongo mbele yake, kama meza ya kulia hivi kwa ukubwa, akauliza: "Hapa watamulalisha namna gani? Atakunja magoti?"

Baba mudogo alinyamaza. Bibi yake, ambaye tunamwita mama mudogo, aliomba wamutafsirie, kisha akajibu bila kuzunguka, kwa sababu kule hawazunguke: baba yake na mama yake walichomwa, majivu yao yako pale ndani mu chungu, na bwana yake amekwisha kutia saini vilevile. Mu Ucheki wengi wa wafu wanapita mu moto, karibu wanne mu watu watano. Kwake ilikuwa kama kusema saa ngapi basi linapita.

Mama hakusema kitu. Hakusema kitu siku ile, wala kesho yake. Aliendelea kula, kusali, kufuma na mama mudogo karibu na dirisha, wawili hawana luga moja lakini vidole vinasikilizana. Juu ya lile jambo, kimya, wiki tatu. Sie tulijua. Usiku tulimusikia anatembea mu chumba, na vile viatu vya nyumbani ambavyo kule kila mugeni anapewa ku mulango, kwa sababu hakuna anayeingia na viatu vya inje.

Hapa tunataka kuwaambia wanaopeleka muzee ku Ulaya: musingoje siku ya mwisho. Sie tulihesabu siku, tukaona 24 Novemba ni Siku ya Mungu, wote watakuwa nyumbani. Tukamwendea baba mudogo asubui, akiwa anapima dawa zake, tukamwambia: muzee, yaya yako hataweza kupanda ndeke na hili jambo mu tumbo. Akasema, "Najua. Nilikuwa ninangoja nyinyi." Sie tulikuwa tunangoja yeye. Watu wa familia moja.

Kikao kilikaliwa mu kikoni, meza ndogo, watu wanane. Mutoto wake wa kike alitafsiri Kicheki kwenda Kifransa, sie tukatoa Kifransa tukakiweka mu Kiswahili. Maneno yalikuwa yanafika yakiwa yamechoka. Mama alianza. Alisema yeye hakuja kugombana na desturi ya watu, amekula mukate wao wa kuchemsha na kabichi yao ya chumvi na hakukufa. (Ule mukate, knedlíky, unakatwa vipande na uzi, unachovywa mu supu nzito; mutu wa bukari hatapotea.) Lakini mutoto huyu alimupokea toka mu mukono wa maiti ya mama yake. Atajibu nini siku akikutana naye? "Nitamwambia nilikupeleka shule, wakakufanya majivu?"

Mama mudogo alilia, lakini hakurudi nyuma. Naye alikuwa na neno, na lazima tulisema vile lilivyokuwa. Alisema amelala na huyu mwanaume miaka 40. Alimuogesha alipotoka hospitali. Watoto wake wako hapa, wajukuu wako hapa. Akizikwa Likasi, nani kati yao atamuwashia mushumaa? Watakwenda mara moja, pengine, kisha basi. Akichomwa hapa, atakuwa na yeye mu chungu kimoja pembeni ya kingine. Kwake moto hauko dharau. Muchafu, alisema, ni kumuacha peke yake.

Mutoto wa kiume akaleta hesabu ya kusafirisha maiti toka Ostrava hadi Katanga. Tuliisikia, tukaomba aifunge ile karatasi. Haikuwa siku ya bei.

Baba mudogo aliongea mwisho. Anaongea polepole kwa sababu ya pumzi. Alisema alitia saini ile karatasi mwaka alipopata habari ya kifo cha baba yetu, ambapo hakuweza kuja: hakukuwa na feza, na pasport ilikuwa imekufa. Siku ile aliona kama njia ya kurudi imefungwa, akaamua kulala pale alipo. Hakuna mutu alijua hii. Hata bibi yake hakujua.

Ni mama alileta njia. Alikumbusha kama wakubwa wetu, kama mutu amekufa mbali na mwili haupatikani, maji ilimubeba ao shimo ilimufunika, wanaleta nywele zake na kucha, na zile zinazikwa na kilio kamili, na matanga, na mulango unafungwa vizuri. Wachimbaji wanaijua hii kupita wengine. Basi, alisema, mwili ni wa bibi yake. Hata kwetu bibi ana haki yake. Lakini kipande kimoja kirudi. Wakimutia mu moto, mbele ya moto mutu mumoja akate nywele na kucha, azifunge mu kitambala cheupe, zije Likasi pembeni ya kaka yake.

Ilitafsiriwa. Mama mudogo akauliza nani atakata. Mama akamwonyesha yeye kwa kidole. Akasema ndiyo.

Tulifikiri imeisha, na shemeji yetu, mwanaume wa kazi, akasimama kutafuta makasi. Alifikiri inafanywa sasa, tubebe mu valizi! Mama alipiga ukelele. Nywele za mutu muzima hazibebwe, ni uchawi ule. Wote walicheka, hata baba mudogo, akakohoa mupaka tukaogopa.

Siku zilizobaki zilipita mbio. Tuseme juu ya mizigo, maana wengi wanatuuliza. Tulikuwa na valizi mbili za kilo 23 kwa kila mutu. Watu wa nyumbani wanangoja telefone, hawatangojea soksi. Shauri letu: jambo la zawadi na la feza liongewe katikati ya matembezi, mu siku ya 40 ao 50, mukiwa mumeshiba na hakuna haraka. Mukiomba usiku wa mwisho, ndugu yenu atatoa kwa haya, na kisha mukiondoka bibi yake atamuuliza maswali ambayo hamutasikia. Sie tuliomba vitu viwili tu: dawa ya presha ya mama ya miezi sita, na nakala ya ile sheria ya vumbi, tuitafutie mutu wa kuigeuza Kifransa.

Mama alibeba bowa. Ndiyo, bowa! Wacheki wanapenda bowa kama sie. Mu Septemba na Oktoba mukini muzima unaingia mu pori na vikapo, wazee na watoto, na kila familia ina pahali pake pa siri. Mama aliingia nao. Aliwashangaza, kwa sababu hakugusa hata kamoja bila kunusa kwanza. Waligombana na mama mudogo kwa alama za mikono juu ya kamoja kenye kofia nyekundu, mama anasema ni sumu, na ilikuwa sumu kweli. Walikausha yote juu ya shoforaji, wakajaza mufuko. Kilo mbili. Ku Likasi watu walikula wakasema haina harufu ya mvua.

Tarehe 4 Desemba ni Sainte Barbe, mulinzi wa wachimbaji, ambaye hata kwetu wazee wanamujua. Wale wa pansio walivaa nguo zao nyeusi za sikukuu, vifungo vya zahabu, kofia na manyoya, wakaenda kanisani. Baba mudogo alivaa yake, imemuwia kubwa sasa. Wanasalimiana "Zdař Bůh", kama kusema Mungu akusaidie urudi. Walimupa mama kiti cha mbele. Muzee mumoja akaja akapiga magoti, akamushika mukono, akasema neno. Tukaomba tafsiri: alisema, "Asante kwa kutupa yule enjenieri. Mwaka ule gazi ilipanda, alituamuru tutoke wote, akabaki wa mwisho." Baba mudogo hajawahi kutuambia hii, na tulipomuuliza alisema huyo muzee amekunywa.

Siku mbili kisha tukaondoka. Ku mulango wa ndeke baba mudogo hakuweza kutembea mbali, alibaki mu kiti, na mama akainama akamufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari. Alizifungua akazifunga tena.

Nyumbani, mama alitoa habari mbele ya wakubwa wa familia, yote, hata moto. Wawili walisimama wakatoka. Wengine walibaki. Mazungumzo bado yanaendelea, na tunafikiri ile kitambala cheupe itawatosha wengi, si wote.

Baba mudogo ameandika: daktari amemuruhusu kupanda ndeke, atakuja mu kiangazi, mwezi wa saba, na mutoto wake wa kike. Wiki mbili tu. Anataka kulala mu nyumba ya kambi, mu kile chumba cha nyuma alimokuwa anasomea na taa ya petroli. Ile nyumba iliuzwa kisha mwaka 2003, ile operesheni inaitwa Départs volontaires, wakati zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitoka kazini na feza ya mara moja, na kila familia ikauza kile ilichokuwa nacho. Leo kuna duka la simenti pale. Mama amesema tusimwandikie. Atamwambia yeye mwenyewe, akifika.